Siku Baba Alipopatanisha Mizani Mbili

Jumamosi, mwanzoni mwa mwezi wa sita. Tangu alfajiri upepo mkavu unavuma kutoka upande wa Maswa, unarusha vumbi mpaka ndani ya mtungi uliofunikwa. Mvua ilishaaga. Pamba imefunguka yote, shamba limekuwa jeupe, na wenzangu wako huko wanavuna. Goti langu limekataa, basi nimekaa barazani na kalamu.

Mwanangu Kabula, jana ulinipigia simu kutoka Dar es Salaam ukiwa na furaha. Ulisema ile kazi iliyokukondesha hapo ofisini kwenu kwa mawakili imekwisha. Kampuni mbili zilizokuwa zikivutana sokoni mmeziandikia maombi, serikali imeruhusu, zimekuwa moja, na mwekezaji wa nje ameshaweka mtaji wake. Ukasema, "Baba, tumewapatanisha. Hawatagombana tena." Nikakupongeza, maana wewe ni damu yangu na umesota. Lakini simu ilipokatika nilikaa na simu mkononi mpaka mama yako akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna. Sina hakika kama nilimwambia kweli.

Mimi ni mtu wa darasa la saba. Nikijaribu kukufundisha kazi yako nitakuwa kama mchunga ng'ombe anayemfundisha mvuvi wa Lamadi kutupa nyavu. Kwa hiyo sitakufundisha. Nitakusimulia jambo moja nililoliona, nawe utalipima. Nikisahau mahali nitasema nimesahau, na nikimsema mtu vibaya nitajaribu kusema na uzuri wake, kwa kuwa wengi wao wameshalala makaburini na hawawezi kunijibu.

Ipo siku moja ambayo kumbukumbu yangu imekataa kuiachia, mwanangu, nayo ni siku ya nyama. Ilikuwa miaka ile ambayo biashara ilifunguliwa. Nilikuwa kijana, nimemuoa mama yako juzijuzi, tunakaa katika mji wa babu yako Luhende kule Nkoma. Kabla ya hapo pamba ilikuwa na mlango mmoja tu, chama cha ushirika. Sitakisifu chama kupita kiasi. Kilikuwa chetu, lakini kilikuwa na tabia ya kutuambia tungoje, na tulingoja hadi nguo zikatuishia mwilini. Kwa hiyo siku tuliposikia kwamba mtu yeyote mwenye leseni anaweza kununua pamba, tulishangilia. Nami nilishangilia. Nisijifanye leo kwamba niliona mbali.

Wakaja wanunuzi wawili. Mmoja alileta turubai la bluu akalifunga upande mmoja wa barabara, akatundika mizani. Mwingine alikuja na malori meupe, akatundika yake upande wa pili, wakatazamana. Wakala wa turubai la bluu alikuwa Shigela, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto. Wakala wa malori meupe alikuwa Ngussa, mrefu, mpole wa uso, lakini ulimi wake ulikuwa wembe. Wote wawili walikuwa Wasukuma wenzetu. Matajiri wao tulikuwa hatuwaoni.

Walitukanana kila siku, mwanangu, na matusi yao yalikuwa matamu. Shigela angesimama juu ya gunia na kupaza sauti, "Wakulima, msipeleke pamba kwenye mizani ile! Ina malaria, haina nguvu ya kusoma kilo zenu!"

Ngussa angejibu bila kusimama, "Yangu ina malaria, yako ina mimba. Kila jioni inamzalia tajiri wako kilo mbili tatu."

Watu walicheka, na wakicheka bei inapanda. Shigela akitangaza bei asubuhi, Ngussa anaongeza kidogo kabla ya jua kuwa utosini, na mchana Shigela anamrukia tena. Mama yako ndiye aliyekuwa hodari. Alikuwa anashusha robota lake la pamba katikati ya barabara, analikalia.

"Mayu, mama, njoo huku!" anaita Shigela.

"Shemeji, usimsikilize huyo, njoo kwangu!" anaita Ngussa.

"Endeleeni, endeleeni," anasema mama yako, anajipepea kwa kanga. "Mimi sijachoka kukaa."

Msimu ule watu walinunua mabati. Mimi nilianza kujenga. Zile kuta ulizokuwa unachezea ndani yake ulipokuwa mdogo, zile ambamo mbuzi wanalala mpaka leo, nilizipandisha msimu ule mmoja hadi usawa wa linta. Nilijiambia mabati nitanunua msimu unaofuata.

Kisha ugomvi ukaota pembe. Vijana wa kupakia marobota wa pande zote mbili walipigana, turubai la bluu likachanwa kwa panga, na kijana mmoja wa malori meupe akavunjwa mkono. Hilo nalo niliseme, ili usidhani ugomvi ule ulikuwa mchezo tu. Mkono wa yule kijana haukunyooka tena.

Babu yako alikuwa mpatanishi. Wewe hukumkuta, lakini ukiuliza wazee watakuambia. Watu walitembea kutoka Lagangabilili hadi kwake kwa kesi za ng'ombe, za mipaka ya ngitili, yale malisho ya akiba, za ndugu wanaogombea urithi. Alikuwa hapokei kitu. Alikuwa na imani moja tu, kwamba ugomvi ni ugonjwa, na ugonjwa ukiachwa katika nyumba moja utaingia nyumba ya pili. Aliposikia habari ya mkono uliovunjika hakulala vizuri. Asubuhi akaniambia, "Jilala, wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Waite wazee. Tutaitisha dagashida."

Dagashida, mwanangu, ni baraza letu la kimila. Linakaa, linasikiliza, na aliyekosa anatozwa mchenya, yaani faini ya kuliwa na wote.

Nilipita jikoni kumwambia mama yako aandae maji ya wageni. Akaniuliza kuna nini. Nikamweleza. Akasimama na kata mkononi, akasema, "Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Msimu huu kunguru ni sisi. Umewahi kuona kunguru anapatanisha panzi?"

Nikacheka. Mkamwana kwetu hazungumzi mbele ya baba mkwe, kwa hiyo asingeweza kwenda kumwambia mwenyewe. Mimi ndiye niliyelipeleka neno lake kwa wazee, nikalipeleka kama kichekesho. Wazee nao wakacheka. Baba alitabasamu akasema, "Mkwe wangu ana ulimi." Tukaendelea.

Wakala wote wawili walikuja. Dagashida iliwakuta wote na makosa, kila mmoja akatozwa beberu. Mimi ndiye niliyechinja na kukata nyama, na kwa sababu hiyo nilikaa karibu nikasikia kila neno. Baba alichukua ini moja, akaligawa, akamwambia kila mmoja amlishe mwenzake kwa mkono wake. Walilishana. Kuna mzee aliyetokwa na machozi, nami nilimwonea fahari baba yangu kwa kiasi ambacho sijamwonea mtu mwingine.

Ndipo Shigela akasema, taratibu, si kwa ile sauti yake ya sokoni, "Mzee, tumekula. Lakini tukisema ukweli, kinachotugombanisha ni bei. Tukiondoka hapa tukiwa na bei mbili, kesho tutapigana tena."

Baba akafikiri. Akasema, "Basi iwe moja."

Ngussa akasema, "Na vijiji je, mzee? Tukigombea mkulima mmoja itakuwa yale yale. Naomba vya ng'ambo ya mto viwe vyangu, vya upande huu viwe vyake, na mtu asivuke."

Baba akasema, "Ndugu hugawana malisho. Hilo ni jema."

Akachukua kibuyu, akapiga funda la maji, akawapulizia kifuani kama baraka, huyu na huyu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama yako hakupiga. Nilimwona, amesimama mlangoni mwa jiko, anatazama ile nyama.

Mwanangu, nakuapia, hakuna mtu pale aliyekuwa na nia mbaya isipokuwa labda wawili, na hata hao sina hakika. Walikuwa na matajiri waliowadai hesabu kila juma. Inawezekana walikuja kutafuta amani kweli, na hilo la bei likawajia pale pale walipoona mlango uko wazi.

Juma lililofuata soko lilikuwa na adabu. Hakuna tusi. Shigela alinipimia, akanitajia bei, nikashtuka. Nikamwambia, "Juzi ulinipa zaidi ya hii." Akasema, "Hii ndiyo bei ya wote, ndugu yangu." Kisha akashika pamba yangu, pamba ambayo mama yako alikuwa ameichambua juu ya chanja jani kwa jani, akasema, "Halafu hii ni fifi." Fifi ndiyo pamba chafu, ya daraja la chini.

Sikukubali. Nikafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, nikavuka mto hadi kwa Ngussa. Ngussa alinipokea vizuri mno. Alinipa maji ya kunywa, akaniuliza hali ya baba, akaniuliza hali ya ng'ombe mmoja mmoja. Kisha akasema, "Jilala, pamba yako ni nzuri, naiona kwa macho. Lakini siwezi kuichukua. Upande ule baba yako alimpa mwenzangu. Nikikupimia nitakuwa nimevunja upatanisho wa mzee."

Nikarudi na mkokoteni umejaa kama nilivyokwenda.

Nilimwambia baba. Alisema bei hupanda na kushuka, huenda huko Ulaya pamba haitakiwi. Nami lazima niseme kwamba huenda ilikuwa hivyo. Sijawahi kupata mtu wa kunithibitishia bei ya dunia mwaka ule. Lakini bei ya dunia isingeweza kuifanya pamba ya mama yako iwe fifi.

Msimu uliofuata ikaja habari kubwa zaidi. Zile kampuni mbili zilitaka kuwa moja, na mwekezaji kutoka nje alitaka kuzinunua zote pamoja na jineri, kile kiwanda cha kuchambulia pamba. Ikiwa hivyo, kutakuwa na mizani moja, mwenye mizani ndiye mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda ndiye mwenye bei. Ndipo alipokuja yule wakili.

Aliitwa Nyamizi. Alitoka Mwanza, akapanga chumba Bariadi mjini, akawa anazunguka vijijini kwa baiskeli ya kukodi. Vyama vya msingi vichache vya wakulima vilikuwa vimemtuma. Alikuwa msichana mdogo, pengine kama wewe ulivyo sasa, na alipofika kwetu alipiga goti akasalimia, "Mwadila, baba." Baba akampenda papo hapo.

Alieleza kwa lugha ambayo hata mimi nilielewa. Kwamba kampuni kubwa zikitaka kuungana lazima ziombe ruhusa, na kabla ruhusa haijatoka, anayeona ataumizwa anaweza kupinga. Kwamba kuna sheria mpya inayokataza wafanyabiashara wanaoshindana kukaa pamoja na kupanga bei, au kugawana wateja kama watu wanaogawana nyama. "Nimesikia walikaa," akasema. "Nimesikia walikaa hapa, mzee. Nikipata mtu wa kusema kwa kiapo alichosikia, nitapeleka pingamizi Dar es Salaam, na ofisi inayohusika italazimika kuchunguza kabla haijaruhusu."

Nilikuwa nimesikia. Nilikuwa na kisu mkononi na nilisikia kila neno.

Baba alisema, "Binti yangu, maneno ya nyama ya upatanisho hayatoki nje ya ua. Nikiyatoa, nani ataniletea kesi tena? Kesho mtu na ndugu yake wakitaka kuuana, nani atakubali kukaa mbele yangu afungue moyo wake, ikiwa anajua Luhende huyapeleka maneno serikalini?"

Wakili Nyamizi hakumdharau. Hilo namsifu nalo mpaka leo. Alichora mchangani kwa kijiti, kisha akasema, "Mzee, kesi za ng'ombe na za ndugu ni sawa. Lakini hawa hawakuwa wagonjwa. Ugomvi wao ndio uliokuwa bei yenu."

Baba akamtazama. Nilimjua baba yangu. Niliona neno likimwingia polepole, kama mwiba unaoingia bila kuuma na kuanza kuuma baadaye. Akauliza, "Kwa hiyo nilipowapatanisha wao kwa wao, niliwagombanisha na nani?"

Aliangalia ua mzima, ghala, mkokoteni, zile kuta zangu zisizo na paa. Nadhani alijijibu.

Hata hivyo hakukubali kiapo, wala hakuniruhusu mimi. Akamwambia wakili, "Nipe nafasi. Nililofunga kwa mila nitalifungua kwa mila." Wakili akasema muda wa kupeleka pingamizi ni mfupi, sheria ina tarehe zake na hazingoji wazee. Baba akasema anaelewa. Nafikiri hakuelewa. Kwetu jambo linasubiri mpaka watu wote wafike. Alipokuwa anaondoka, wakili aliniangalia mimi, si baba. Alijua. Nami nikainamisha macho kwa sababu baba yangu alikuwa hai na amekaa pale.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwanangu, mimi nilisikia la mkuu, na guu likavunjika vilevile.

Baba akaitisha dagashida ya pili ili kulifungua lile neno hadharani, awaambie wale wawili kwamba maji aliyowapulizia ameyarudisha, kila mmoja awe na bei yake. Alituma watu. Wakarudi na jibu kwamba wakala wana safari. Akatuma tena, akangoja. Wazee wengine walikuwa na misiba, tukangoja na hiyo. Hatimaye siku ikapatikana, na akaja mtu mmoja tu, Shigela, kwenye lori jeupe. Nilipoliona lile lori na ule uso ndani yake nilijua mambo yamekwisha, kwa maana malori meupe hayakuwa yake.

Alishuka na kofia mkononi, kofia nzuri ya pama. Akamsikiliza baba hadi mwisho, bila kumkata, kwa heshima. Kisha akasema, "Mzee wangu, unamfungulia nani? Mimi na Ngussa tuko kampuni moja sasa. Ngussa amehamishiwa Shishiyu, anasimamia huko. Wewe mwenyewe ulisema tuwe ndugu. Tumekuwa. Sasa tuko tumboni mwa mama mmoja, utamwambia nani agombane na nani?"

Mzee mmoja akamrukia, "Basi pandisheni bei!"

"Ili tumshinde nani, mzee wangu?" akauliza Shigela. Wala hakuuliza kwa jeuri. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Akamvisha baba ile kofia kichwani, akamshika mikono yote miwili, akasema, "Tajiri amesikia habari zako. Anasema asante." Akapanda lori.

Baba aliivua kofia polepole akaitundika kwenye mti wa zizi. Haikuondolewa pale. Mvua iliinyeshea, kuku wakaidonoa, hadi ikaisha yenyewe.

Siku ile ile akaniita, akaniambia, "Nenda kaseme." Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikapanda baiskeli hadi Bariadi bila kusimama. Nilimkuta Wakili Nyamizi anafunga mizigo yake. Nilimwambia niko tayari, nitasema yote, bei, mto, ini, maji. Akaketi kitandani juu ya begi lake. Akasema, "Kaka, ruhusa imeshatoka." Nikamuuliza kama ningekuja mapema tungeshinda. Angeweza kunipunguzia mzigo au kuniongezea. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema, "Sijui. Sheria yenyewe bado mtoto, ofisi iko mbali na wachunguzi ni wachache. Huenda wangekusikiliza, huenda wasingefungua hata bahasha. Lakini wangekuwa na kitu cha kufungua."

Maneno hayo ya mwisho nayatembelea mara nyingi.

Miaka baadaye nilisikia kwamba naye aliajiriwa huko huko Dar es Salaam, anawaandikia wawekezaji mikataba. Watu walimsema. Mimi simsemi. Alizunguka kwa baiskeli ya kukodi kwa ajili yetu, na sisi tukamwambia angoje.

Na kwa haki, yule mwekezaji si kwamba hakuleta kitu. Jineri ilipakwa rangi, mashine zikatengenezwa, barabara ya kwenda huko ikachongwa, vijana wetu wakapata vibarua vya msimu. Viongozi walipokuja kuzindua walisema ukweli waliposema hayo. Hawakusema tu kwamba mizani ilibaki moja. Tukilalamika kuhusu fifi, karani anasema, "Hutaki? Ibebe mgongoni uipeleke Mwanza." Nasi tunaishusha.

Babu yako hakupatanisha mtu tena. Walikuja, mume na mke, ndugu na ndugu, wamekaa uani wanangoja. Anawaambia, "Nendeni mahakamani. Mimi sijui tena ugomvi upi ni ugonjwa na upi ni dawa." Ndugu wawili aliowarudisha hivyo walikatana mapanga baada ya mavuno. Alikwenda kuzika. Hivyo hasara yetu haikuwa ya pamba tu. Tulipoteza bei, tukampoteza na aliyekuwa anazuia damu, na vyote viwili viliondoka kwa funda moja la maji.

Sasa nasaha, kwa kuwa nimekuchosha. Usidhani nakuambia uache kazi. Kuna kampuni mbili dhaifu ambazo zikishikana mkono zitasimama, na zisiposhikana zitaanguka na wafanyakazi wao, hilo naliamini. Kuna mgeni anayekuja na mtaji wake akajenga. Lakini watakapokaa mbele yako wawili waliokuwa wakigombana, wamevaa vizuri, wanataka karatasi ya amani, usitazame nyuso zao tu, maana nyuso za watu wanaopatana hupendeza. Angalia ni nani asiyekaa pale mezani. Uliza amani yao italipwa na nani. Tembo wakipigana nyasi huumia, ni kweli, lakini tembo wasiopigana wanakula, na wanachokula ni nyasi hizo hizo. Na akija mtu mnyonge kukuambia neno lililo kinyume, hata akilisema kwa mzaha, hata akilisemea jikoni na kata mkononi, usilipeleke mbele kama kichekesho. Liandike. Na ukiwa na neno la kusema, liseme wakati bado lina bahasha ya kuingia. Heshima kwa wazee ni deni zuri, nami nililipa lote. Lakini sheria ina tarehe zake.

Pengine nimekosea. Pengine hizo kampuni zenu si za namna hiyo kabisa, nawe utanicheka. Nitafurahi ukinicheka.

Ng'wanawane, mwanangu, Mungu wa babu zako akupe macho ya kuona aliyekaa nje ya ua. Akupe ulimi usiochelewa. Mkono wako utakaposaini, usiwe mzito kwa hofu wala mwepesi kwa sifa. Mkate wako uule bila mfupa wa mtu ndani yake, na utakaporudi nyumbani uturudie mzima. Nimekupulizia maji kutoka huku. Mimi ni mwana wa Luhende, kwa hiyo wewe angalia kwanza kama yanafaa.

Jioni hii tumekula ugali wa mtama na nsansa, majani makavu ya kunde, ambayo mama yako ameyaunga kwa karanga. Wajukuu wawili waligombea ukoko wa sufuria. Mmoja alimwambia bibi yake, nipe mimi, nitakuchotea maji ndoo moja. Mwenzake akasema, nipe mimi, nitachota mbili na kuni nitaleta. Nikafungua mdomo niwapatanishe. Mama yako akaniangalia tu. Nikaufunga, nikala.